Vipimo vya Bwana Dirisha

Kuhusu pamba, mimi nilikuwa nalaumu panya. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana mtaani kuna watu wanaopiga domo eti Dada Mkubwa alijua kila kitu akanyamaza. Ningejua, ningenyamaza? Mimi? Muulizeni yeyote anayenifahamu kama nimewahi kunyamaza.

Duka letu ni la kushona nguo. Mdogo wangu anakata na kushona. Mimi natia vifungo, napiga pasi, na kuwaambia wateja ule ukweli ambao yeye anaona haya kuwaambia. Yeye wanamwita Fundi. Mimi wananiita Dada Mkubwa, hata vizee vinavyonizidi umri, na nimechoka kubishana navyo. Ni chumba kimoja kirefu: mbele dirisha la kioo, katikati meza ya kukatia na cherehani, nyuma pazia la kujaribia nguo, na nyuma ya pazia mlango wa vyumba vyetu vya kulala. Mume wangu alipofariki nilihamia kwa mdogo wangu, nikamwambia nakaa kidogo tu. Nipo mpaka leo.

Na dirishani alisimama yeye. Iko kampuni inayokodisha masanamu ya kuonyeshea nguo, yale yanayotembea na kusema. Yana ngozi ya plastiki laini, macho yanayopepesa, na kifuani pampu inayozungusha maji ya kupoza kichwa. Yote yametoka kwenye kalibu moja, kifua arobaini, kiuno thelathini na mbili, na namba hizo zimechapwa kisiginoni ili fundi yeyote akate nguo bila kuuliza mtu. La kwetu lilikuwa kijana wa kupendeza, sikatai. Kila aliyepita alimwambia, "Karibu, umependeza." Alimwambia mleta barua. Alimwambia mbwa. Alimwambia mwenye duka la viatu aliyekuja kutugombeza kwa ajili ya takataka, na yule bwana akasahau kilichomleta, akatoka na tai mpya shingoni. Tukambatiza jina, Bwana Dirisha.

Sasa lazima niwaeleze ugonjwa wa mdogo wangu. Haamini vipimo vya zamani. Uje leo, uje wiki ijayo, atakuvua koti na kukupima upya kutoka shingoni mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mafundi wengine wanaandika mara moja na kuvitumia miaka. Yeye hapana. Kuna mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi, tumbo lake linamtangulia mlangoni, basi kila akija anajaribu bahati yake.

"Fundi, leo usijisumbue. Tumia vipimo vya mwaka jana."

"Vya mwaka jana vilikuwa vya mtu mwingine, Mwalimu. Inua mikono."

Na Mwalimu anainua mikono, anavuta tumbo ndani, anashikilia pumzi mpaka macho yanamtoka, na mdogo wangu anamngoja kwa upole aishiwe pumzi. Halafu ndipo anapima. Anapopima hasemi. Anakugusa bega, anakuzungushia tepu kiunoni, anainamisha kichwa karibu na kifua chako kusoma namba, na kwa muda huo mfupi unajiona mtu muhimu duniani. Wanaume watatu wamewahi kumchumbia kwa sababu ya upimaji huo tu. Wote aliwakataa. Aliniambia akimtazama mwanaume anaona mshono, haoni mume.

Bwana Dirisha alikuwa anayaona haya yote kila siku kutokea dirishani. Tulidhani anatazama barabara. Kumbe shingo yake ilikuwa imegeukia ndani muda wote, na wapita njia wakawa wanakaribishwa na kisogo.

Asubuhi moja, Mwalimu alipotoka, Bwana Dirisha akashuka kwenye kibao chake, akaja mpaka kwenye meza ya kukatia.

"Na mimi?" akauliza.

"Na wewe nini?" mdogo wangu akasema, pini mdomoni.

"Hujanipima."

Mdogo wangu akacheka. Si kwa ubaya, alicheka tu. "Wewe namba zako ziko kisiginoni. Nikupime nini?"

Akarudi kwenye kibao. Siku ile hakumkaribisha mtu. Mbwa alipita, akasimama, akangoja, akaondoka kwa huzuni. Mimi nikasema kampuni watume fundi, kifaa kimeharibika.

Wakamtuma Bisibisi. Huyu ndiye fundi mitambo wao, kijana mrefu mwenye bisibisi sikioni kama vile wengine wanavyoweka kalamu. Akamfungua mgongo, akachungulia, akamfunga, akasema, "Hana kitu. Amenuna."

"Yananuna?" nikauliza.

"Mengi hayanuni, Dada Mkubwa. Hili lenu lina macho sana."

Baada ya hapo akaanza vituko. Kwanza alianza kukohoa. Hana mapafu, anakohoa. Nikamuuliza anaumwa nini, akanijibu, "Kila kitu, Dada Mkubwa, lakini namshukuru Mungu." Aliokota maneno hayo kwa wateja. Siku nyingine mgongo unamuuma. Siku nyingine ni magoti, ni baridi, ni kazi ya kusimama. Siku moja nikamkuta anamwambia mleta barua kwamba usingizi umemtoka tangu azeeke. Alikuwa na miaka miwili.

Halafu pamba ikaanza kupotea. Nina gunia la pamba nyuma ya pazia, la kujazia mabega ya makoti. Nikaona linapungua. Kila siku nachota kidogo, linapungua kwa wingi. Nikajua ni panya, tena panya wenye familia. Nikanunua mtego ule wa chuma wenye springi, nikauficha ndani ya gunia, nikaenda kulala na furaha ya mtu mbaya.

Kulipokucha mtego haupo. Nikatafuta chini ya meza, chini ya cherehani, mpaka ndani ya mifuko ya makoti ya watu. Bwana Dirisha amesimama dirishani, mkono mmoja mgongoni, anakaribisha wateja kwa heshima kuliko siku zote. Nikasema mwenyewe, leo kaamka na adabu. Mpaka saa ya chakula, mteja mmoja akamnyooshea mkono amsalimie, naye kwa kujisahau akatoa ule wa nyuma. Mtego wangu uko kidoleni.

"Hii ni pete?" mteja akauliza.

"Ni ya mtindo," akasema Bwana Dirisha.

Mimi sikusema kitu kwa mshangao, na hiyo ni mara moja katika maisha yangu. Mteja alipoondoka nikamwendea, nikamfungua mtego, na hapo ndipo nikaona. Vifungo vya koti lake vimekaza. Shati limepanuka. Kijana wa kiuno cha thelathini na mbili ana kitambi.

Akanipita mimi, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. "Fundi," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nadhani nimenenepa."

Mdogo wangu akaacha cherehani. Akamtazama. Mtu aliyeshika nguo maisha yake yote hadanganywi na pamba, jamani. Akaweka kiganja kwenye lile tumbo, likabonyea upande mmoja, likatokeza upande wa pili. Uzi mweupe ulikuwa unaning'inia kwenye kitundu cha kifungo. Nikangoja acheke. Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka naye.

Akavuta tepu shingoni mwake. "Inua mikono," akasema.

Akampima. Bega, kifua, kiuno. Alipofika kiunoni, yule kijana wa plastiki akavuta tumbo lake la pamba ndani, akabana pumzi asiyo nayo. Mdogo wangu akangoja aishiwe. Wakasimama hivyo, mimi nimeshika mtego wa panya, na nikajua msiba umeingia nyumbani.

Nilimsema. Nilimsema asubuhi, nikamsema jioni tukiosha vyombo. "Umekataa wanaume wenye damu zao. Yule mwenye duka la mikate ulimkataa. Sasa unataka mto wa kulalia."

"Dada, anajua mimi ninapokata kitambaa naimba kimoyomoyo. Aliniuliza ni wimbo gani."

"Na mimi nikikuuliza?"

"Wewe umeishi na mimi miaka yote hii, hujauliza."

Nikamtupia sahani aikaushe mwenyewe.

Siku chache baadaye Bwana Dirisha akaja kwangu rasmi kumchumbia. Alivaa suti ya mteja ambayo haijachukuliwa. Akaona hawezi kuja peke yake kama hana kwao, akaja na Bisibisi kama ndugu.

"Huyu ni nani wako?" nikamuuliza.

"Ni mtu wa karibu. Amewahi kunifungua mgongo."

"Huo si undugu, huo ni upasuaji."

Bisibisi akajikuna kwa bisibisi. "Dada Mkubwa, mimi nimekuja tu nishuhudie. Ila kijana ni mzuri, havuti sigara."

Nikamuuliza Bwana Dirisha atamtunzaje mdogo wangu. Akasema yeye hali chochote, kwa hiyo chakula chote ni cha Fundi. Akasema hatazeeka akamwacha mwenzake anahangaika na mzigo wa mgonjwa. Akasema hilo kwa kujivunia, halafu nikaona amejisikia vibaya, kama mtu aliyekiri kasoro ya ukoo. Nikamwambia nitafikiri. Mimi kufikiri kwangu ni kuchelewesha tu, kila mtu anajua.

Wakati nachelewesha, msimu wa baridi ukaingia, na tukagundua kwamba Bwana Dirisha ana joto. Joto zuri, la kuota. Mdogo wangu alikuwa anasimama karibu naye akipasha vidole kabla ya kushika sindano. Wateja wakawa wanakuja kujaribu suti wasizozitaka, wanajibanza ubavuni mwake. Mimi mwenyewe, sitaki kujifanya, nilikuwa naanika kola zenye unyevu mabegani mwake, na zilikuwa zinakauka vizuri kuliko kwa pasi. Tukasema mapenzi hayo. Mapenzi yanampa joto kijana.

Halafu siku moja kola ikatoka na alama ya kuungua.

Bisibisi alipomfungua kifua, chumba kizima kilinuka moshi. Pamba ya tumboni ilikuwa imepenya mpaka ndani, imejaa kila mahali, imeziba matundu yote ya kupitishia hewa, imejisokota kwenye pampu na kuwa nyeusi. Bisibisi akaitoa konzi kwa konzi, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Hakuwa anatania tena.

"Nitakonda?" Bwana Dirisha akauliza, akitazama tumbo lake likiondoka.

"Kaka, pampu imekufa nusu," Bisibisi akasema. "Nusu nyingine inaifuata."

Mdogo wangu akauliza inauzwa wapi nyingine, na Bisibisi akatueleza pole pole, maana ilibidi amweleze mara mbili. Pampu na kichwa ni kitu kimoja. Kampuni watamchukua, watamwekea kifua kipya na kichwa kipya, atarudi dirishani baada ya wiki moja akiwa mzima kabisa. Atamkaribisha Fundi. Atamwambia amependeza. Hatamjua. Au abaki kama alivyo, na pampu isimame inapotaka kusimama, na haitakawia.

"Apelekwe," akasema mdogo wangu. Hakufikiri hata kidogo. "Dada, piga simu kampuni."

"Sitaki," akasema Bwana Dirisha.

"Hujaulizwa."

"Mimi ndiye ninayekufa, na siulizwi?"

"Ni mimi niliyeiona ile pamba." Mdogo wangu alikuwa analia sasa, analia kwa hasira. "Niliiona siku ya kwanza, nikanyamaza kwa sababu nilipenda kukupima. Nimekuua kwa kupenda. Utakwenda, utarudi mzima, na mimi nitakutazama tu dirishani, inatosha. Dada, simu."

Simu nilikuwa nimeshaishika. Bwana Dirisha akanigeukia mimi. "Dada Mkubwa," akasema, "ingekuwa wewe?"

Heri angenichokoza kwa lolote kuliko swali hilo. Mume wangu mwaka wake wa mwisho alikuwa anapungua. Kila mwezi nilikuwa nampunguzia suruali, nasogeza kifungo, nakunja kiuno, na yeye anatania kwamba nitaishia kumshonea ya mtoto. Alikuwa mkali, alikuwa ananukia dawa, aliwahi kunirushia kikombe. Nikajiuliza: wangenijia watu na mume mzima, mnene, anacheka, ananiambia karibu mama, umependeza, na hanijui mimi ni nani. Nikaona kabisa ninavyomfungia mlango. Ningemtaka mgonjwa wangu. Ningemtaka na kikombe chake.

Nikaweka simu mezani. "Sipigi," nikasema. "Na wewe mdogo wangu futa makamasi. Una suti ya bwana harusi ya kushona."

Hilo ndilo likawa jambo letu sote, suti imalizike na harusi ifungwe kabla pampu haijasimama. Mngedhani ni kazi rahisi kwa fundi kama yule. Tatizo likawa mwili. Lile joto lilikuwa limeilegeza plastiki, na sasa pampu ikiwa mbovu, joto halikuisha. Bega la kushoto likaanza kushuka. Kifua kikateremka, tumbo likatokea lenyewe, la kweli, bila pamba. Mdogo wangu akampima Jumatatu akakata. Jumanne kiuno kimeongezeka. Akafumua. Jumatano mguu mmoja umefupika.

Na Bwana Dirisha, jamani, alikuwa amevimba kichwa kwa furaha. "Nusu inchi," alikuwa akimtangazia kila aingiaye. "Tangu jana. Muulize Fundi." Mkunjo ulipotokea chini ya jicho lake la kulia, akashuka kwenye kibao akatoka nje kumwonyesha mleta barua. Mwenye duka la viatu alipokuja, akamshika mkono, akamwambia kwa uzito, "Sisi watu wa umri wetu." Mwalimu mkuu mstaafu ndiye aliyekuwa rafiki yake mkubwa. Walikaa kwenye benchi ya wateja wakilinganisha matumbo, na nadhani Mwalimu kwa mara ya kwanza aliacha kulivuta lake ndani.

"Ukikaa, linakusumbua?" Bwana Dirisha alimuuliza.

"Napenda kulifungulia mkanda."

"Nitajaribu," akasema, akafungua mkanda, na wakashusha pumzi wote wawili, ingawa mmoja wao alikuwa anaigiza.

Suti ilikuwa haimaliziki. Usiku mdogo wangu anashona, mchana anafumua. Mwisho nikamnyang'anya. Nikamwambia, mpe ilivyo, iliyobaki tubane kwa pini, harusi ni ya watu si ya mishono. Akanitazama kama nimetukana wazazi. Lakini akakubali, maana asubuhi hiyo pampu ilikuwa imesimama kwa muda wa mtu kukohoa, kisha ikaendelea.

Tukafunga harusi mchana, dukani, kati ya pasi na cherehani. Hakuna sheria ya kumuoza mtu na sanamu, wala hakuna ya kumzuia, kwa hiyo Mwalimu alijiteua kuwa mwozeshaji. Akaanza hotuba. Akaanzia enzi za ualimu wake, akaeleza shule ilivyokuwa haina paa, akaingia kwenye nidhamu ya vijana wa siku hizi. Bwana Dirisha akamsikiliza kwa adabu. Mwishowe akainua kidole.

"Samahani, Mwalimu. Mimi nina haraka kidogo."

Tukacheka sote, Bisibisi akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka sikioni, na katikati ya kicheko nikajikuta nimemshika mdogo wangu kiunoni na sote tunatiririka machozi. Mwalimu akaruka kurasa zote, akawauliza kama wanapendana. Wakasema ndiyo. Bwana harusi alipomkumbatia mkewe, pini tatu zikamchoma bibi harusi, naye hakutoa hata sauti. Nilizichomoa mimi baadaye.

Wakaishi kama mume na mke, namna yao. Hakuweza kusimama tena, tukamwekea kiti dirishani. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, mdogo wangu alimpima. Hakuwa na sababu, suti ilikuwa imeshavaliwa. Alimzungushia tepu, akainamisha kichwa kifuani kwake, akasoma namba kwa sauti, na yeye akaguna kwa kuridhika. Kila siku namba nyingine. Mimi nilikuwa napiga pasi na kuangalia pembeni, maana kuna mambo ya watu wawili.

Asubuhi moja mdogo wangu alitoka nyuma ya pazia, na Bwana Dirisha akamwambia, "Karibu, umependeza."

Mdogo wangu akasimama pale pale. Mimi pasi ikaganda mkononi. Tuliwaza kitu kimoja, kwamba kichwa kimetangulia kufa kabla ya pampu.

"Unanijua mimi nani?" akamuuliza.

"Wewe ni mke wangu," akasema Bwana Dirisha, akishangaa. "Kwani mke hakaribishwi?"

Akampiga na tepu begani, lile bega bovu, wakacheka, akampima, wateja wakaanza kuingia. Ilikuwa siku ya kazi nyingi. Mwalimu alikuja kwa ajili ya suruali, na mdogo wangu alikuwa amepiga magoti akimpima mguu, mgongo wake umeelekea dirishani. Bwana Dirisha alikuwa anawatazama, shingo imegeukia ndani kama kawaida yake. Mimi ndiye niliyeona macho yameacha kupepesa. Nikamwacha mdogo wangu amalize ule mguu. Kisha nikamwita.

Kampuni walikuja kesho yake, wanaume wawili na sanduku. Mali ni yao, lazima irudi, hilo tulilijua. Walikuwa na haraka lakini hawakuwa watu wabaya. Wakambeba na kumlaza, akakataa kuingia. Masanduku yao yametengenezwa kwa kiuno cha thelathini na mbili. Bega lilitoka huku, wakilisukuma tumbo likatoka kule. Mmoja akashauri wamlegeze kwa maji ya moto wamnyooshe.

"Mguse na maji ya moto," nikamwambia, "nikuguse na pasi."

Akatazama pasi, akaona iko kwenye umeme. Mwenzake akasema basi, walete sanduku jingine, kubwa, ila wapewe vipimo. Nilikuwa nimevishika kichwani, nilivisikia jana vikisomwa kwa sauti, nikaanza kumtajia.

"Hivyo ni vya jana," akasema mdogo wangu.

Akaja na tepu. Akapiga magoti sakafuni karibu na mume wake, akampima bega, kifua, kiuno, urefu wa mguu mmoja, urefu wa mguu wa pili, taratibu, kama anavyompima kila mtu. Halafu akarudia. Halafu akarudia tena, na safari hii akakomea kiunoni, ameshika tepu kwa vidole viwili, anaisoma na kuisoma.

"Dada," akaniambia. "Ni zile zile za jana."

Yule mwanaume akasema vizuri, basi hatutakosea, akaandika.

Mdogo wangu akalaza kichwa chake pale kifuani, palipokuwa na pampu, na akalia kwa sauti niliyokuwa sijamsikia nayo tangu tukiwa wadogo. Nikachomoa pasi. Nikakaa sakafuni karibu naye, nikawaambia wale wanaume wasubiri nje.